Makazi ya Mwezini Yakae Mbali na Darubini

Kila unapozuka mjadala wa kujenga makazi ya watu Mwezini, swali la kwanza huwa ni faida yake. Mimi ninayo moja ninayoitetea kwa moyo wote: zipo sauti za ulimwengu ambazo hatutazipokea sawasawa tukiwa duniani, na upande wa Mwezi usiotuelekea ndio mahali pa karibu pa kuzisikilizia.

Huko kelele zetu za redio hazifiki, kwa kuwa Mwezi mzima umezikinga. Setilaiti ya Marekani, Explorer 49, iliyopelekwa mwaka 1973 kuuzunguka Mwezi, ilidhihirisha jambo hili, kwani kila ilipopita nyuma yake makelele ya dunia yalikatika. Huko pia yanapokeleka mawimbi ya chini ya megahezi 10 hivi, ambayo kwetu huzuiwa na tabaka la angahewa lenye chembe za umeme. Katika masafa hayo ya chini, na yale yaliyo juu yake kidogo, zimo habari za haidrojeni iliyokuwapo kabla nyota ya kwanza haijawaka: mawimbi yake yalianza yakiwa na urefu wa sentimita 21, na kutanuka kwa ulimwengu kumeyavuta hadi mita kadhaa, hata kupita kumi.

Je, watu wanahitajika, au mitambo inatosha? Aprili 1972, mwanaanga John Young wa safari ya Marekani ya Apollo 16 alisimamisha Mwezini kamera ya miale ya urujuanimno iliyobuniwa na George Carruthers. Aliiweka kwenye kivuli cha chombo chao, akawa anaihamisha kadiri kivuli kilivyosogea, akiielekeza kwa mkono kwenye kila sehemu ya anga, na ilipozidi kuwa ngumu kuzunguka ikabidi atumie nguvu zaidi. Darubini ya Hubble nayo, iliyorushwa ikiwa na kioo chenye kasoro, iliokolewa mwaka 1993 na wanaanga walioifuata huko huko. Darubini ya James Webb, iliyo umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, haina fundi wa kuifikia.

Hata hivyo, fundi huyohuyo huja na redio zake, na roketi inayomleta hutimua vumbi kali ambalo halijawahi kulainishwa na upepo wala maji. Vioo vilivyoachwa na safari za Apollo ili kurudisha miale ya leza inayotumwa kutoka duniani hurudisha mwanga hafifu kuliko ilivyotarajiwa, na vumbi ndilo linaloshukiwa. Kwa hiyo naona makazi yajengwe ncha ya kusini, karibu na kreta ya Shackleton, ambako kingo za juu hupata jua sehemu kubwa ya mwaka, nazo antena za kusikilizia mawimbi hayo zitandazwe mbali, upande usiotuelekea, mafundi wakienda kutengeneza kisha wakiondoka.

Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya uchunguzi wa anga, yakiwemo ya Karoo, hata kabla antena za darubini ya redio ya MeerKAT hazijasimama huko. Mwezini, kanuni za kimataifa za redio tayari zinautambua upande huo kuwa eneo la kulindwa, lakini Chang'e 4, chombo cha China kilichotua huko Januari 2019, kilihitaji setilaiti ya kupokezana mawasiliano, ambayo nayo hutoa mawimbi ya redio, na vitakavyofuata vitahitaji pia. Masafa ya setilaiti hizo yakubaliwe sasa, kabla nyumba ya kwanza haijasimama.