Siti za ngozi za krimu kwenye joto la Mtwara: nilivyochagua dawa ya kuzitunza

Gari langu ni Toyota Harrier iliyotumika Japani, na siti zake ni za ngozi ya rangi ya krimu. Napeleka abiria Masasi na Newala. Wanapanda na jasho la pwani, wanashuka na vumbi jekundu la uwanda wa Makonde, na msimu wa korosho ukifika watoto wanakula mabibo humohumo ndani. Maji ya bibo hayana huruma na kitu cheupe. Ubavu wa siti ya dereva, pale suruali inaposugua kila ukipanda na kushuka, ulikuwa umegeuka kijivu na kuanza mipasuko midogo. Nilitaka kuziokoa siti hizo mapema, maana kuzivalisha upya ni gharama kubwa.

Kila niliyemuuliza alikuwa na dawa yake. Wapo walioniambia nipake mafuta ya nazi, wengine mafuta ya mgando. Duka la vipuri wakanipa polishi ya dashibodi, ile inayong'aa mpaka unajiona. Sikununua chochote kwanza. Nikaenda kwa fundi makochi mmoja, mzee wa siku nyingi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mjomba. Fungua mlango nione."

Alifungua zipu ya kava nyuma ya siti, akalipindua upande wa ndani. Pale tunapokalia, ndani kulikuwa na nyuzi laini zenye manyoya manyoya. Ubavuni na mgongoni mwa siti akanionyesha kitambaa kilichofumwa, kimegandishwa na kitu kama raba. Akasema, "Hapa ng'ombe, hapa plastiki. Sasa hayo mafuta utalisha nini?"

Kumbe magari mengi yanayoitwa ya ngozi yako hivyo: ngozi halisi ipo sehemu ya kukalia na kuegemea tu. Hata hiyo ngozi yenyewe haiko wazi, imepakwa rangi na juu yake tabaka jembamba la kinga. Njia ya kujua ni kudondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Likikaa juu kama shanga, ngozi ina tabaka. Likinywewa na kuacha doa jeusi, ni ngozi ya wazi, inayohitaji uangalizi mwingine kabisa. Kwangu lilikaa juu. Hapo uamuzi ukawa mwepesi, kwa sababu kile ninachokitunza hasa ni lile tabaka, na adui zake ni mchanga, jasho, mafuta ya mwili na jua.

Mafuta ya nazi niliyaacha jikoni. Hayapiti kwenye tabaka, yanabaki juu yanakamata vumbi, yanaingia kwenye mishono, na kwa joto letu yanaanza kunuka. Polishi ya kung'aa nayo niliikataa. Nyingi zina silikoni: siti inateleza, na siku ukitaka kupaka rangi upya palipochubuka, rangi haishiki. Sabuni ya unga ni kali mno, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati) hufika 10 hivi, upande wa alkali, wakati ngozi iliyosindikwa hukaa upande wa asidi. Jiki na spiriti hata sizijadili.

Nilichotafuta ni vitu viwili vilivyo mbali mbali: kisafishio laini cha maji kilichotengenezwa kwa ajili ya ngozi, na kinga isiyo na mafuta wala mng'ao. Zipo chupa zinazodai kufanya yote kwa mkupuo mmoja, lakini kwa siti chafu za krimu siziamini. Kinga ikipakwa juu ya uchafu inaufungia hapo. Chapa ya Lexol ina kisafishio kinachouzwa kivyake. Colourlock ya Ujerumani ina kisafishio laini na kikali, pamoja na kinga ya kupunguza msuguano na rangi ya jinzi kuhamia kwenye siti. Nilichukua Colourlock kwa sababu ya hiyo kinga ya jinzi. Niliagizia Dar es Salaam, mzigo ukaja na basi.

Kazi yenyewe ilihitaji subira tu. Kwanza nilitoa mchanga wote kwa brashi kavu na mashine ya kuvuta vumbi, hasa kwenye mishono, maana mchanga wa ufukwe wetu wa Shangani hapa Mtwara ukiusugua ukiwa umelowa unafanya kazi ya msasa. Kisafishio unakinyunyizia kwenye brashi laini, si kwenye siti. Zile sehemu zenye matundu madogo zikinywa maji, sponji inabaki na unyevu na ukungu unaanza. Unasugua taratibu mpaka povu litoke, unafuta na kitambaa cha maikrofaiba kabla halijakauka. Povu la siti ya dereva lilitoka rangi ya chai, na chini yake krimu ikarudi. Niliacha milango wazi kivulini mpaka zikakauka kabisa, ndipo nikapaka kinga, nyembamba, na kuliacha gari usiku mzima bila mtu kukaa.

Mipasuko ya ubavuni haikuondoka. Hakuna chupa inayoziba tabaka lililokwishapasuka, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Fundi aliijaza na kuipaka rangi, ikashika vizuri.

Sasa nafuta jasho kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kipindi cha mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, nafungua milango kila panapotokea jua. Abiria akitaka kujipaka dawa ya mbu namwomba ajipake nje na asubiri ikauke, kwani zile zenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, hulainisha plastiki na rangi. Na kama fedha uliyonayo ni ya chupa moja tu, nunua ya kusafishia. Kinga utaifuata baadaye.