Hajulikani na nani?

Tangu Jumapili sauti ya Shangazi haijanitoka masikioni, na leo nimerudi kutoka zamu ya usiku, usingizi ukanikataa, nikaona heri niandike. Wiki imekuwa na mambo yake, kwa maana nimefaulu mtihani wa Kiholanzi na Baba Neema ameanza kazi bandarini Rotterdam, lakini hayo yamepita kama rasharasha, na kilichobaki moyoni ni maneno matatu yaliyosemwa mbele ya picha.

Nilimpeleka Shangazi Rijksmuseum, jumba la makumbusho lililoko Amsterdam. Mnamjua Shangazi: ameshona nguo Tanga kwa zaidi ya miaka 40, na hamtazami mtu usoni kabla ya kutazama alivyovaa. Alizipita picha kubwa kubwa bila kusimama, mpaka tulipofika kwa mwanamke aliyechorwa na Maarten van Heemskerck mwaka 1529, ameketi kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi. Kilichomkamata Shangazi ni kitambaa cheupe alichojifunika kichwani, kama walivyojifunika wanawake wa Uholanzi wa siku zile. Aliinama, akafuata mikunjo yake kwa kidole hewani, mkunjo mmoja baada ya mwingine, kama anayepima kazi ya fundi mwenzake.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Mke wa mfanyabiashara mmoja," nikajibu, nikimwonyesha mwanaume wa picha ya pili, mwenye sarafu na kitabu cha hesabu.

"Nimekuuliza yeye."

Nikamweleza kuwa kwa muda mrefu wawili hao waliaminika kuwa Pieter Bicker na Anna Codde, watu wa Amsterdam, ila siku hizi wataalamu hutanguliza neno "huenda" kabla ya majina hayo, kwa hiyo mama huyu, kwa kweli, hajulikani.

"Hajulikani na nani?"

Hakucheka, wala hakungoja jibu. Tangu hapo nimekuwa nikimjibu kila siku, nikiwa kwenye treni, nikiwa naosha vyombo, na kila jibu naliona halitoshi. Kinachoniuma ni kwamba kwanza nilimfanya mke wa mtu, kisha nikamfanya si mtu, na yote hayo kwa pumzi mbili, mimi ambaye kazini huumia nikiitwa "yule wa usiku".

Jana nilisoma zaidi. Heemskerck alikuwa mtoto wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1498, na kabla ya kwenda Roma mwaka 1532 alimchora baba yake, akaandika kwenye picha hiyo kwamba mzee ana miaka 75 na mchoraji ni mwanawe. Madrid kuna mwanamke mwingine aliyemchora kwenye kazi ya kusokota, wa mwaka 1531 hivi, naye jina lake limepotea. Kusokota kulikuwa alama ya mke mwema, yule wa Mithali 31 anayeishika pia, yaani kijiti cha kusokotea nyuzi, na naelewa kwa nini familia ilitaka achorwe hivyo, lakini sikuelewa hilo lingenisaidia nini kwa Shangazi.

Nilimkuta jikoni anasukuma chapati, nikamwambia kuwa swali lake limeninyima raha. Alishangaa kuwa bado nalifikiria.

"Mwanangu, kitambaa kile unadhani alikifunga peke yake? Aliyemfunga alimjua. Na aliyemchora alimtazama siku ngapi?"

Kisha akanawa mikono, akaleta kitambaa chake cheupe cha kanisani, akaniketisha kwenye kigoda, akaanza kunifunga kwa kukumbuka picha. Neema alishika ncha moja. Nilisikia vidole vya Shangazi, bado vina joto la chapati, vikibana mkunjo juu ya sikio langu la kushoto, vikiufungua na kuubana upya kwa kuwa haukukaa sawa. Neema akaleta kioo. Sikufanana na yule mama hata kidogo, lakini nilijisikia mwepesi kama siku ya sikukuu, na sikukivua mpaka muda wa kwenda kazini ulipofika.

Usiku huo, kabla sijatoka, nikitafuta funguo kwenye mkoba wa Shangazi, niliona dawa zake za presha. Nimezihesabu mara mbili. Vimebaki vidonge vitano, naye anasafiri Alhamisi ya wiki ijayo, na hajaniambia neno.