Siku moja na ngege wa lambo

Saa 11 alfajiri. Tunategua nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, mapema, maana samaki akichelewa wavuni hufa, nasi tunataka arudi majini mzima.

Saa 1 asubuhi. Kazi yenyewe ni hapa. Kila samaki nampima urefu, kisha nalikunjua pezi la mkia. Sato, perege wa kupandikizwa, ana michirizi ya wima iliyojipanga mkia mzima; ngege, perege wa asili wa Ziwa Victoria, hana. Anayenitisha ni wa katikati: umbo la ngege, lakini mkiani michirizi hafifu, imekatikakatika. Huyo namhesabu chotara. Nakata ncha ya pezi, naitia kwenye kichupa cha spiriti ikapimwe vinasaba. Jike mmoja anatema mayai kiganjani mwangu, kwa kuwa ngege huatamia mdomoni. Namrudisha upesi, ila mayai yale ndiyo yamekwenda, na inaniuma.

Saa 4. Ngege ndiye aliyekuwa kitoweo kikuu cha Ziwa Victoria. Mtafiti wa uvuvi Michael Graham alipolichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928 alikuta makila yameshaanza kummaliza, akashauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Miaka ya 1950 wakapandikizwa sato na sangara. Leo ngege amebaki zaidi kwenye viziwa vya pembeni na malambo kama hili. Kwenye orodha za dunia za spishi zilizo hai bado yupo; ziwani kwao ametoweka karibu kabisa. Kwangu huko ni kupotea, hata kama spishi haijafutika.

Saa 6 mchana. Mzee mwenye shamba jirani anakuja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vifaranga vya sato mtaleta lini? Hawa wenu hawakui."

Hoja anayo: sato hukua haraka, naye ana familia. "Mzee, sato akishaingia lamboni hatoki tena, na atazaana na hawa mpaka ngege halisi aishe. Mfuge kwenye bwawa la kuchimba, mbali na mkondo." Anakubali, ingawa kwa shingo upande.

Saa 9 najaza takwimu.

Saa 11 jioni. Wale machotara wametoka wapi? Napanda kuufuata mkondo, nakuta bwawa jipya la sato, tuta lake halifiki magotini. Mvua kubwa moja tu, vifaranga wanateremka lamboni. Nimeongea na mwenye bwawa; kesho asubuhi tunaliinua tuta na kufunga wavu mdogo kwenye bomba la kutolea maji, kabla masika hayajaanza.