Siku ya pili ya Msamaria

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii tusome Luka 10:25-37, habari ya Msamaria aliyemsaidia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, ila tusiishie kwenye mafuta na divai aliyomtia majerahani. Hayo tumeshayahubiri sana. Twende mstari wa 35: "Hata siku ya pili akatoa dinari mbili." Kumbe Msamaria alilala palepale, nyumba ya wageni! Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, akatoa mbili, tena akajifunga kwa deni asilojua ukubwa wake: "Cho chote utakachogharimiwa zaidi, mimi nitakaporudi nitakulipa."

Sisi wa Kigoma siku ya kwanza tunaiweza. Mtu akilazwa hospitali ya Maweni, jumuiya nzima inajaa wodini saa ya kuona wagonjwa. Tunasali, tunaimba mpaka muuguzi anatukazia macho (na haki anayo), tunaacha machungwa na soda. Wiki ya pili mama wa mgonjwa yuko peke yake, kalala chini juu ya kitenge, anawaza nauli ya boti ya kurudi Kalya.

Wengi wetu tunakumbuka Mei 2015. Wakimbizi wa Burundi, makumi ya maelfu, walirundikana Kagunga, kijiji kisichofikika kwa gari: nyuma milima, mbele ziwa. Kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba ikawasomba hadi mjini, wakapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika. Wanaoujua ugonjwa huo wanajua kazi yake. Mgonjwa analazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati, ndoo chini yake. Kuna mtu wa kumwaga ile ndoo, kunawa kwa maji ya klorini, kumwinua mgonjwa kichwa, kumnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo; akitapika, anasubiri kidogo, anaanza tena. Usiku kucha. Kwenye kazi hiyo uraia wa mgonjwa haufui dafu, na aliyeng'ang'ania kuuliza "alikula wapi huyu?" alikuwa anachelewesha maji tu. Wayahudi na Wasamaria nao hawakuchangamana, Yohana 4:9 inasema hivyo, na bado mmoja alimpandisha mwenzake juu ya mnyama wake.

Basi Jumamosi kwenye jumuiya, mwenye mgonjwa aseme. Tusichange tu na kuagana. Tuandike zamu: nani anapeleka uji asubuhi, nani analala wodini ili mama naye akaoge na kupumzika, nani anashika nauli. Zamu iendelee mpaka mgonjwa aruhusiwe.