Nilivyofungua banda la chumvi la zamani bila kupoteza ubao

Nikisema nimefanya kazi kiwanda cha chumvi Uingereza watu wananicheka, sisi wa pande za Malindi chumvi tunaijua ya Gongoni na Marereni, maji ya bahari na jua basi. Ila kule Marston, karibu na Northwich, maji ya chumvi yalikua yanavutwa kutoka chini ya ardhi, yanajazwa kwenye karai la chuma, sio hili la kujengea, kubwa mpaka watu walikua wanasimama pembeni na mareki marefu kuivuta chumvi, na chini makaa ya mawe yanawaka. Ukitaka chumvi laini unachemsha kwa nguvu, ukitaka ya mawemawe ya kutilia samaki unapunguza moto unangoja siku kadhaa. Kiwanda chenyewe kinaitwa Lion Salt Works, familia ya Thompson walikianzisha 1894, chumvi yao ilikua inafika mpaka Afrika Magharibi, wakafunga 1986. Mimi niliingia kama fundi mbao kwenye ule ukarabati wa kabla haijafunguliwa kuwa makumbusho 2015.

Kazi yangu ilikua kufungua kuta na kenchi, kuandika kila kipande kilipotoka, kukirekebisha na kukirudisha palepale. Sasa chumvi ina vituko vyake. Mbao haziozi ovyo lakini juu zimechambuka nyuzi kama makumbi ya nazi, misumari imekwisha, ukigusa inabaki unga mwekundu, ndo maana viungo vya maana wazee walivifunga kwa pini za mbao. Lebo za karatasi huko ni kujisumbua, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi chumvi inaanza kuvuta maji yenyewe, wino unatiririka. Nikatumia zile hereni za plastiki za ng'ombe, nazifunga kwa kamba ya nailoni, sipigilii msumari, namba ileile naiandika kwenye mchoro na kwenye picha, na picha bila rula pembeni siihesabu.

Vipimo navyo! Ardhi ya pale imetitia kwa sababu ya chumvi iliyotolewa chini, hakuna kona ya nyuzi 90, ukipima upande mmoja ukadhani wa pili uko sawa umeumia. Tukapiga mstari mmoja wa leza kuzunguka banda zima na kila kitu tukakipima kutoka hapo.

Kuhifadhi mbao zilizofunguliwa, usizioshe na usizifunike plastiki, ukiosha chumvi inayeyuka halafu ikikauka inaganda upya ndani na kupasua nyuzi, sisi tuliziweka chini ya paa, vijiti katikati hewa ipite.

Kilichotukutanisha maneno na msimamizi ni viraka. Kiwanda kile kilishonwa na kushonwa tena kwa chochote kilichokuwepo, yeye akasema vile vibao vya ajabuajabu tuchome, nikamwambia bosi kiraka ndo kinaonyesha mvuke ulikua unapiga wapi zaidi, angalia vyote viko usawa wa karai. Akaangalia mchoro. Vikapewa namba kama vingine, vilivyooza upande mmoja tukaviunga na mbao mpya kwa kiungo cha mshazari, na mbao mpya hatukuipaka rangi ya kuzeesha, mtu akija ajue ipi ya zamani ipi ya juzi.