Siku moja na wageni wangu Bat, Oman

Saa 11 alfajiri. Nimeshaswali, nimepakia maji na birika la kahawa garini. Wageni wangu leo ni jamaa kutoka Unguja waliokuja Ibri kuwazuru ndugu zao: bibi, binti yake na wajukuu wawili. Kutwa nzima Kiswahili, raha iliyoje.

Saa 1 asubuhi tumeshafika Bat, jua halijawa kali. Mitende iko bondeni, makaburi ya kale yako juu ya miinuko. Wageni wengi hukimbilia makaburini. Mimi huanzia kwenye minara. Ni ya mawe makubwa, ya mviringo, upana wake mita 20 hivi, na ilijengwa katika milenia ya tatu KK. Nikawaonyesha mahali pa kisima, katikati kabisa ya mnara.

"Kumbe walikuwa wakilinda maji, mwanangu," bibi akasema.

Wataalamu bado wanajadiliana minara hii ilikuwa ya nini. Mimi naegemea upande wa bibi: jangwani hapa, mwenye kisima ndiye mwenye mji.

Saa 3 tukapanda makaburini. Yale ya zamani zaidi, ya karibu miaka 5,000, ni madogo na yamesimama kama vichuguu juu ya vilima. Yaliyofuata yako chini zaidi: makubwa, yamegawanywa vyumba kwa ndani, na ukuta wa nje ni wa mawe meupe yaliyochongwa yakalainika. Humo walizikwa watu wengi pamoja, kizazi baada ya kizazi. Hapa ndipo ninapokaa sana na wageni, kwa sababu unawaona watu wakigeuka wenyeji wa mahali pamoja. Walilima bondeni, na shaba ya nchi hii ilisafiri hadi Mesopotamia, ambako iliandikwa kwenye vibao vya udongo kuwa imetoka Magan, jina la kale la nchi hii.

Mawe mengi ya makaburi yalichukuliwa zamani kujengea kwingine. Inaniuma kila nikiona msingi mtupu. Mjukuu mmoja aliokota kijiwe. Nikamwomba akirudishe palepale, akakirudisha.

Saa 6 mchana: wali, samaki, kivuli cha mitende, sala.

Saa 10 alasiri, Al-Ayn. Makaburi 21 yamepangwa mstari mmoja juu ya kilima, nyuma yake Jabal Misht. UNESCO iliyaingiza pamoja na Bat katika Urithi wa Dunia mwaka 1988. Picha zipigwe saa hizi, mwanga ukiangukia mlimani.

Saa 12 jioni tunarudi Ibri. Bibi ameshaamua: kesho ni ngome ya Bahla.