Wapigaji Wapo, Wafikaji Ndio Wachache

Mtu akipita Mji Mkongwe usiku katika msimu wa wageni, kuanzia Shangani hadi Malindi, atasikia udi juu ya paa la hoteli moja, ngoma kwenye ua wa hoteli ya pili na kinanda katika mkahawa wa tatu, na ataondoka akiamini kwamba Unguja imejaa wanamuziki. Hatakuwa amekosea. Vijana wanaojua kupiga ala ni wengi kuliko walivyokuwa wakati mimi naanza kushika udi, na sehemu ya sifa hiyo inastahiki kupewa chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), ambacho tangu mwaka 2002 kimekuwa kikifundisha fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa kwa vidole), udi na ngoma kwa watoto ambao wazee wao hawakuwahi kugusa ala yoyote. Hata hivyo, ukinitaka leo nikuletee kikundi kamili cha taarab asilia Alkhamisi ijayo saa tatu za usiku, kila mmoja na ala yake, nitakuomba unipe muda wa kutosha, kwa sababu kati ya mtu kujua kupiga na mtu huyo kufika mahali pa kupigia, siku aliyoisema na saa aliyoisema, ipo njia ndefu.

Barazani jambo hili lina maelezo mepesi: vijana wa leo hawana ahadi, wamelewa fedha za watalii, hawajui kumheshimu maalim. Nimeyasikia maelezo hayo kwa wazee ninaowaheshimu, na kwa adabu zote siyakubali. Mpigaji huyo huyo ambaye Jumanne amenikwepa kwenye mazoezi, Jumatano alfajiri amepanda daladala kwenda kazini kwake pwani ya kaskazini na amefika kabla ya msimamizi wake. Mtu asiye na ahadi angekosekana kote. Yeye hukosekana kwangu tu, na hilo limenilazimisha niache kuitazama tabia yake na nianze kukitazama kile ninachompa, pamoja na kile anachopewa na wengine wanaomwita usiku ule ule.

Tuanze na ala zenyewe. Kikundi changu ni kidogo: udi, kanuni, fidla mbili, akodioni, dabasi (fidla kubwa ya sauti nzito), dumbaki (ngoma ndogo ya mkono) na rika (tari dogo lenye njuga), pamoja na mwimbaji. Wapigaji udi hawanisumbui, kwa sababu kila kijana anayeingia katika taarab huanza kwa kuupenda udi, na wengi wao wanao wao wenyewe nyumbani. Dumbaki na rika nazo zina watu. Shida huanza kwenye fidla, huzidi kwenye kanuni, na hufika kileleni kwenye dabasi, ala isiyobebeka kwa baskeli wala kwa pikipiki, inayohitaji kirikuu kila inapohama, na ambayo mpigaji wake husimama nyuma ya wenzake usiku kucha bila mtu yeyote kumtunza fedha. Wanaoipiga vizuri mjini wanajuana wote kwa majina, na kila mmoja wao anahesabiwa na vikundi kadhaa kuwa ni mtu wao. Mtu wa namna hiyo akikubali kila anapoitwa, lazima atamvunjia mtu ahadi, hata akiwa na nia safi kiasi gani.

Wapo wanaoniambia nichukue mpigaji mwengine yeyote wa kuziba pengo, na hapa ndipo wasiopiga taarab wanapokosa kuielewa hali yetu. Nyimbo nyingi za zamani zimejengwa juu ya makamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti ambayo wimbo huifuata, na makamu kama bayati na rasti zina sauti zinazokaa katikati ya zile ambazo gitaa limezifunga kwa vyuma vya shingoni mwake. Mpigaji gitaa wa hotelini, hata awe hodari, hawezi kuingia akazishika. Udi na fidla huziweza kwa sababu shingo zake hazina vyuma hivyo, na kanuni huziweza kwa vijiti vidogo vinavyoinuliwa na kushushwa kwa vidole katikati ya wimbo. Tena kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na unyevunyevu wa pwani yetu huzilegeza na kuzikaza upendavyo, kwa hivyo mpigaji wake inampasa afike mapema kuliko wote ili azitie sawa. Mpiga kanuni akichelewa, hata akifika wageni wameshaketi, shughuli imeshaharibika, kwa maana wenzake watapiga wimbo wa kwanza huku yeye bado anakaza nyuzi.

Njia ya mkato ipo, nayo ni kinanda cha umeme. Taarab ya kisasa, ile tunayoiita rusha roho, iliipita njia hiyo miaka ya 1990 na ikafanikiwa, kwani mtu mmoja mwenye kinanda na mwengine mwenye gitaa waliweza kubeba kazi ya safu nzima ya fidla. Siwadharau, na harusini huwa nasimama kucheza kama wengine. Ila mimi nikiweka kinanda mahali pa fidla nitakuwa nimelimaliza tatizo kwa kuuacha muziki niliotaka kuupiga.

Linalonishughulisha zaidi ni namna klabu kongwe zilivyokuwa zikiwashika watu. Ikhwani Safaa ilianza mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, na zote mbili zingali hai. Mwanachama wa klabu za namna hiyo kwa kawaida hakuwa akiishi kwa muziki. Alikuwa mwalimu wa skuli, karani wa serikali, fundi cherehani au mvuvi, na jioni alikwenda klabuni kama wengine wanavyokwenda barazani. Asipofika, wenzake walijua, jirani zake walijua, na kesho yake angeulizwa sokoni. Kwa ufupi, alifungwa na watu aliokuwa akiishi nao, si na malipo ya usiku mmoja.

Liko na jambo la pili ambalo sijasikia likisemwa sana. Taarab ya klabu, kwa kufuata mfano wa Misri, ilikuwa na safu kubwa ya fidla, hata ikawa mmoja akiugua au akifiwa wimbo huendelea na msikilizaji hatambui. Hoteli na mikahawa ya leo hazina nafasi ya watu thelathini wala fedha za kuwalipa. Zinataka watu watano, pengine wanne, wakae pembeni karibu na meza. Tulipovikata vikundi vyetu ili vilingane na soko hilo, tulimgeuza kila mpigaji kuwa nguzo peke yake. Mtu ambaye kutofika kwake zamani kungekuwa jambo la kusameheka, leo asipofika analiangusha jukwaa zima, na hapo ndipo tunapomwita si mtu wa kutegemewa, ingawa pengine hakosi mara nyingi kuliko walivyokuwa wakikosa wazee wake.

Nikisema hivi huwa naulizwa juu ya Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarab wa zamani, kwa sababu kundi lake nalo lilikuwa dogo, yeye na wenzake kina Subeti, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban, na bado mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay kwenda kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Jawabu langu, ambalo ni dhana tu, ni kwamba wale walikuwa kundi kwanza na wapigaji baadaye: walikutana, walitunga na walitafuta riziki pamoja. Kundi la leo mara nyingi ni orodha ya namba za simu za watu wanaokutana ndani ya gari, njiani kwenda kwenye shughuli.

Kalenda yetu nayo haisaidii. Mwezi wa Shaaban harusi hufuatana kwa sababu kila familia inataka kumaliza kabla ya kufunga, na wakati huo mpigaji fidla mzuri huitwa hata asubuhi. Ramadhani ala hupumzika kabisa, watu hutawanyika, na wanaporudi Mfunguo Mosi daima kuna ambaye hakurudi, ama amepata kazi Dar es Salaam, ama ameoa na mkewe hataki kusikia khabari za usiku. Masika yakianguka hoteli za pwani hufunga au hupunguza watu, nao wapigaji huniijia wenyewe wakiwa na moyo wa mazoezi; wageni wakirudi mwezi wa sita, moyo ule hupungua. Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, nimewahi kumwona mpigaji mmoja akishuka jukwaani na kundi moja, akabadilisha kanzu na kupanda tena na jengine.

Kisa kilichonifundisha zaidi kilitokea kwenye harusi moja ya Mkoani, kisiwani Pemba. Tulikubaliana kukutana bandarini Malindi jioni ili tupande boti ya usiku, na mpiga fidla wetu wa kwanza, kijana mwenye mkono mtamu ambao sijausikia kwa mwengine wa rika lake, hakuonekana. Boti ilikuwa inakaribia kung'oa nanga alipopokea simu na kuniambia, "Maalim, nisamehe, nimepata dharura, nitawafuata kesho." Hakufuata. Baadaye khabari zilinifikia kwamba dharura yenyewe ilikuwa hoteli ya Nungwi iliyompa malipo makubwa kuliko ya kwangu. Yule wa pili alikuwa bado mwanafunzi, hawezi kusimama peke yake, na baba wa bibi harusi alipotupokea aliangalia mizigo yetu, akauliza kwa upole, "Maalim, fidla ni hiyo moja tu?"

Ni yeye aliyemtuma mtu Chake Chake kumtafuta mzee mmoja, mkulima wa karafuu, ambaye alikuja mchana na fidla iliyozongwa kanga. Mzee hakuomba mazoezi. Aliuliza mwimbaji anaimbia sauti gani, akatuomba tumtajie nyimbo, na kila tuliyoitaja aliijua mpaka vibwagizo vyake, ingawa baadhi aliijua kwa mapigo ya zamani ambayo sisi mjini tumeshayaacha. Tulipiga hadi karibu na alfajiri. Wenzangu walirudi wakisema kwamba huyo ndiye mwanamuziki wa kweli na kwamba vijana wa mjini wajifunze kwake. Mimi sikuwa na hakika. Mzee yule anaishi mahali ambapo hakuna hoteli tatu zinazomgombania usiku mmoja, na nikimleta Unguja akakaa msimu mzima, huenda naye akaanza kupata dharura.

Tangu safari ile nimebadilisha namna ya kuendesha kikundi. Malipo ya kila shughuli huyataja siku ninayomwita mtu, pamoja na nauli, na hayabadiliki hata mwenye shughuli akipunguza. Nikipata hasara ni yangu. Mazoezi ni Jumanne baada ya sala ya Isha, wiki zote, awepo mtu mmoja au wawepo wote, kwa sababu siku inayohamahama ndiyo inayompa mtu udhuru. Na mpigaji akiniambia mapema kwamba amepata kazi bora zaidi, simnunii. Namshukuru, na mara ijayo namwita tena, kwa kuwa ninachokiogopa ni kuambiwa bandarini.

Lililozusha maneno mengi zaidi ni la tunzo. Katika taarab mwenye kufurahi huinuka, akacheza hadi kwa mwimbaji na kumpa fedha mkononi, na aliyepiga fidla nyuma yake, ambaye pengine ndiye aliyeufanya ubeti ule umguse mtu, hukunja ala yake bila kitu. Niliamua kwamba tunzo zote ziingie katika kikapu kimoja na zigawiwe sawa baada ya shughuli. Mwimbaji niliyekuwa naye wakati huo alisema, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba watu wanamtunza yeye, hawatunzi dumbaki, na akaondoka. Sauti yake naikosa hadi leo. Lakini tangu kikapu kiwepo wapigaji wa nyuma wameanza kufika mapema, na nikilazimishwa kuchagua kati ya mwimbaji mmoja wa ajabu na safu nzima inayofika, nitachukua safu. Vivyo hivyo kwa fidla: yule mwanafunzi tuliyekwenda naye Mkoani sasa ndiye wa kwanza, mkono wake ni wa wastani, bashrafu za kasi, zile zinazopigwa kwa ala tupu bila kuimbwa, bado zinamshinda, na hajawahi kukosa Jumanne hata moja isipokuwa wiki aliyofiwa na bibi yake.

Pengo lililobaki ni la dabasi. Ala yenyewe tunayo, imetengenezwa shingo yake na fundi wa Mwembetanga, na imeegemea ukuta wa chumba cha mazoezi ikisubiri mtu. Si lazima awe anajua makamu, nitamfundisha. Asiwe tayari yuko katika vikundi viwili. Awe na nafasi Jumanne. Na tafadhali, wenye udi wasinitafute kwa sasa, kwa sababu waliopo watatu tayari wanapokezana kiti kimoja.